Colin Chapman, fundi aliyeuzishia watu motokari ya kujijengea wenyewe

Kuko watu wenye hawapendi kununua motokari iliyokwisha kutengenezwa. Wanapenda kununua vipande vyake, kuvileta ku lupango, kuvipanga chini, na siku za mapumziko kufunga buloni moja kiisha ingine mpaka motokari inasimama na inawaka. Ku Uingereza kazi hiyo ni starehe ya watu wengi, vijana na wazee. Mutu mwenye kuieneza kuliko wote alikuwa Colin Chapman, mwenye kampuni ya Lotus. Alikufa mwaka wa 1982, lakini motokari ndogo aliyoianzisha mwaka wa 1957 ingali inatengenezwa mpaka leo.

Wandugu wasomaji, tunasimulia hapa maisha yake, mema na mabaya. Wenye kutumika kila siku na chuma, na kamba na nguzo za shimo, wataelewa haraka swali lenye lilimufuata Chapman maisha yake yote: mutu anaweza kupunguza uzito mpaka wapi, mbele chuma hakijakatika?

Mutoto wa hoteli

Anthony Colin Bruce Chapman alizaliwa tarehe 19 Mai 1928 ku Richmond, karibu na London. Baba yake alikuwa anaongoza hoteli yenye kuuzisha pombe ku Hornsey, upande wa kaskazini wa London. Hoteli hiyo iliitwa Railway Hotel, maana yake Hoteli ya Reli. Nyuma yake kulikuwa nyumba za zamani za farasi. Tushike neno hilo, sababu kiisha miaka kidogo nyumba hizo za farasi njo zilikuwa kiwanda.

Colin alisoma ku Chuo Kikuu cha London, ile kilasi ya ingenieri wa majengo: namna ya kupima nguvu ya nguzo, ya daraja, ya paa. Hakusoma motokari. Ku chuo alijifunza pia kurusha ndege. Na ili apate pesa, alikuwa na rafiki yake wananunua motokari za zamani na kuziuzisha tena. Ilikuwa kiisha vita, motokari mpya zilikuwa chache, na kila kitu chenye magurudumu kilipata bei nzuri. Lakini serikali ikabadilisha sheria ya esanse, bei zikaanguka, na Colin akabaki na Austin Seven moja ya zamani yenye hakuna mutu aliitaka.

Kile chenye hakiuziki, akakitengeneza upya. Mwaka wa 1948, ndani ya garaji ndogo nyuma ya nyumba ya wazazi wa muchumba wake Hazel Williams, akatoa mwili wa ile Austin, akajenga mwingine wa mbao nyembamba zilizofunikwa na aliminyo. Akaipeleka ku mashindano ya kupanda vilima vya matope. Akaipa jina Lotus. Hiyo njo Lotus ya kwanza. Mikono ya Hazel pia ilikuwa ndani ya kazi hiyo, na mwaka wa 1954 wakaoana. Walizaa watoto watatu.

Kiisha chuo, Chapman alipita kidogo ku jeshi la ndege, halafu akaingia kazi ku kampuni yenye kutengeneza aliminyo. Huko alijifunza vizuri tabia ya chuma hicho chepesi. Muchana alitumika kazi ya mushahara, usiku alitumika motokari zake. Vijana wenye kupenda mashini walikuja kumusaidia bila malipo, paka sababu ya upendo wa kazi.

Uzito ni adui

Mwaka wa 1951 Chapman aliingia mashindano ya kilabu moja ya London yenye kutumia motere ndogo za Austin Seven. Motere hizo zilikuwa na tundu moja la hewa kwa silinda mbili, na silinda moja ilikuwa inaibia ingine pumzi. Chapman akatia kipande cha chuma ndani kugawanya njia, kila silinda ikapata yake. Akashinda sana mpaka kilabu ikabadilisha sheria na kukataza ufundi huo. Tangu hapo watu walimujua: ni mutu mwenye kusoma sheria neno kwa neno, akitafuta mahali pa kupita.

Mwanzo wa mwaka wa 1952 akafungua kampuni ya Lotus, na Hazel akamukopesha pesa ya kuanzia. Kiwanda kilikuwa nyuma ya hoteli ya baba, mule mwa farasi. Mpaka mwisho wa mwaka wa 1954 Chapman hakuacha kazi yake ya aliminyo. Lotus ilikuwa kazi ya usiku.

Motokari ya kwanza waliyouzisha kwa watu wengi iliitwa Mark VI. Shasi yake haikuwa miti miwili minene ya chuma kama motokari za wakati ule. Ilikuwa bomba nyembamba za chuma, zimeungwa pamoja kwa pembe tatu-tatu. Angalieni minara ya chuma yenye kubeba magurudumu ya kamba juu ya shimo: hakuna chuma chenye kusimama peke yake, kimoja kinavuta, kingine kinasukuma, na pembe tatu haigeuki sura. Chapman alichukua ufundi huo wa majengo, akautia ndani ya motokari. Shasi ile tupu ilikuwa na uzito wa kilo 25 tu. Watu wawili wangeweza kuinyanyua bila shida.

Wengine, wakitaka mbio, waliongeza nguvu ya motere. Chapman alifundisha njia ingine. Motere kubwa inasaidia tu mahali barabara imenyooka. Uzito kidogo unasaidia kila mahali: ku kilima, ku kona, na zaidi wakati wa kukanyaga freni, sababu freni haina muzigo mukubwa wa kusimamisha. Na kipande kimoja kikiwa chepesi, vingine pia vinaweza kupungua: springi ndogo, mapine membamba, motere ndogo. Kila pyesi alitaka ifanye kazi mbili kama inawezekana. Pyesi yenye haina kazi, aliitoa.

Lotus Seven, motokari ndani ya vipande

Mark VI iliuzishwa kwa vipande. Hata Lotus Seven yenye kuifuata mwaka wa 1957 iliuzishwa hivyo, na hii ya pili njo ilijulikana dunia yote. Sababu ilikuwa kodi. Ku Uingereza wakati ule, mutu akinunua motokari mpya iliyokamilika, alilipa kodi kubwa juu ya bei yake. Lakini akinunua vipande na kuvifunga mwenyewe, kodi hiyo haikumugusa. Lotus Seven kamili ilikuwa bei ya pauni 1.036 pamoja na kodi. Ndani ya vipande ilikuwa pauni 536. Ni karibu nusu. Kwa kijana wa mushahara mudogo, hiyo njo ilikuwa tofauti kati ya kuota motokari na kuwa nayo.

Serikali iliweka masharti: munazi wa garaji asimufungie munazi wa motokari kwa malipo, ni mwenyewe afunge, na kampuni isimupe kitabu cha kufundisha kufunga. Husimuliwa kwamba Lotus ilitoa kitabu cha kufundisha namna ya kufungua motokari, na munazi alikisoma kutoka mwisho kuelekea mwanzo.

Munazi alipata shasi yenye aliminyo imekwisha kupigiliwa, motere, sanduku la gia, springi, volani, waya za umeme, taa mbili na viti viwili. Hakukuwa milango, hakukuwa dirisha za pembeni za kweli, na paa ilikuwa kitambaa. Motere ya kwanza ilikuwa ya Ford, ile ya watu wa kawaida, ya sentimeta-kibiki 1.172 na nguvu ya farasi 40 hivi. Ku gari zito motere hiyo ilikuwa mutoto mugonjwa. Ndani ya Seven, yenye uzito chini kidogo ya kilo 500, iliamka. Na sababu pyesi nyingi zilikuwa za motokari za kawaida, mutu aliweza kuzipata ku garaji yoyote ya mutaa.

Lakini kufunga ni mwanzo tu. Wenye kuwa na Seven wanajua kwamba motokari nyepesi inaomba macho kila wakati. Kiisha safari za kwanza, sharti kurudia kila buloni na funguo, sababu chuma kipya kinajikalia na buloni zinalegea. Sharti kutia grisi ku viungo vya volani na vya magurudumu. Sharti kuangalia mirija ya freni kama hakuna mahali inasuguana na shasi. Na adui mukubwa amejificha: maji yanaingia ndani ya bomba za chuma, na mahali chuma kinagusana na aliminyo, kutu inakula upesi zaidi. Kwa inje rangi inangaa, ndani bomba limekwisha kuwa karatasi. Fundi mwenye akili anagonga bomba polepole na kusikiliza sauti yake, sawa vile muchimbaji anagonga paa ya shimo na fimbo ya chuma mbele ya kuingia chini yake.

Seven za namna ya pili zilikuwa na kasoro ingine. Ili kupunguza pyesi, chuma chenye kushikilia ekseli ya nyuma kilifungwa chini ya sanduku la ekseli lenyewe. Sanduku hilo halikujengwa kwa muzigo ule. Kiisha muda likaanza kutoa oili, na mengine yakapasuka. Wenye nazo wakajifunza kuongeza chuma cha kushikilia. Pyesi moja ilipewa kazi mbili, lakini ya pili ilikuwa nzito kuliko nguvu zake.

Ushindi na makaburi

Pesa ya motokari za watu ilimusaidia Chapman kuingia mashindano makubwa ya dunia, Formula 1. Kule alikuwa mwalimu wa wengine wote. Mwaka wa 1962 alileta Lotus 25, yenye mwili wake wenyewe ulikuwa shasi, kama ganda la yai. Mwaka wa 1967 alileta Lotus 49, yenye motere yake ilikuwa mufupa wa nyuma: magurudumu ya nyuma yalishikiliwa na motere yenyewe. Kiisha miaka kumi hivi alileta motokari zenye kufyonza hewa chini yake na kujibandika ku barabara. Lotus ilishinda ubingwa wa kampuni za Formula 1 mara saba: 1963, 1965, 1968, 1970, 1972, 1973 na 1978. Kila wakati piloti wake akishinda, Chapman alikimbia pembeni ya barabara na kutupa kofia yake nyeusi juu hewani. Watu walingojea kofia hiyo sawa vile wanangojea bendera.

Piloti aliyemupenda kuliko wote alikuwa Jim Clark, mutoto wa wafugaji wa Scotland. Clark alishinda mashindano makubwa 25, yote ndani ya Lotus, na ubingwa wa dunia wa 1963 na 1965. Tarehe 7 Aprili 1968, ku Hockenheim, Ujerumani, Lotus yake iliacha barabara na kupiga miti. Watu wengi wanaamini pine ya nyuma ilipoteza hewa. Chapman alilia kama mutu aliyepoteza ndugu. Mwezi mumoja kiisha, piloti mwingine, Mike Spence, akafa ku Indianapolis ndani ya Lotus.

Halafu akaja Jochen Rindt, mwenye mbio kuliko wote. Mwezi wa Mai 1969, ku Barcelona, mabawa marefu yaliyofungwa juu ya Lotus ili kuisukuma chini yalivunjika, ku motokari ya Graham Hill kwanza, halafu ku ya Rindt. Wote wawili walipona, lakini Rindt aliumia usoni. Alipokuwa anapona, alimuandikia Chapman barua. Neno lake lilikuwa wazi: Lotus ina mbio ya kutosha, hata ikiongezwa kilo kidogo ili kutia nguvu ku pyesi za hatari, itashinda tu. Aliomba Chapman afikiri, sababu yeye piloti hawezi kutumika bila kuitumainia motokari yake.

Ombi hilo kila mutu wa shimo analijua. Ni ombi la mwenye kuingia chini, kwa mwenye kuhesabu nguzo.

Chapman hakuwa mutu asiye na roho. Lakini kichwa chake kilikuwa mbele, ku ufundi mpya, na mpya kila siku ina mahali penye hapajajaribiwa. Mwaka wa 1970 alileta Lotus 72. Ili kupunguza uzito wa magurudumu, freni za mbele zilitolewa ku magurudumu na kuwekwa ndani, karibu na shasi. Kati ya freni na gurudumu kulikuwa shafti moja, tupu ndani. Motokari ilikuwa ya ajabu. Rindt alishinda mara ine kwa kufuatana. Siku ya posho tarehe 5 Septemba 1970, ku Monza, Italia, wakati wa kujaribu, Rindt alikanyaga freni mbele ya kona ya mwisho. Shafti ya freni ya mbele upande wa kuume ikakatika. Motokari ikageuka na kupiga kizuizi cha chuma cha pembeni, chenye pia hakikufungwa vizuri. Rindt mwenyewe hakupenda kufunga mikanda yote. Akafa, na miaka yake 28.

Hakuna mwingine aliyefikia hesabu ya pointi zake mwaka ule. Jochen Rindt njo piloti peke yake mwenye kupewa ubingwa wa dunia akiwa amekwisha kuzikwa.

Mwisho wenye giza

Lotus ilihama Hornsey, ikaenda Cheshunt, na mwaka wa 1966 ikafika Hethel, mukoa wa Norfolk, ku kiwanja cha ndege cha wakati wa vita. Chapman alikuwa tajiri, na ndege yake mwenyewe. Mwaka wa 1978 Lotus ilishinda tena ubingwa na Mario Andretti, lakini ku Monza piloti wake wa pili, Ronnie Peterson, aliumia miguu mwanzoni mwa mashindano na akafa kesho yake ku hospitali.

Wakati ule Chapman alifanya mapatano na John DeLorean, Muamerika aliyetaka kujenga motokari ku Ireland ya Kaskazini kwa pesa ya serikali ya Uingereza. Lotus ilipewa kazi ya kuitengeneza ili iweze kuuzishwa. Kampuni ya DeLorean ikaanguka mwaka wa 1982, na wenye kuchunguza wakakuta kwamba zaidi ya dola milioni 17 zilipita ku kampuni moja iliyoandikishwa Panama, hazikufika ku kazi. Mwenye njia za siri ndani ya sheria, safari hii alipita inje ya sheria. Chapman hakufika ku mahakama: tarehe 16 Desemba 1982 moyo wake ulisimama, na miaka 54. Mwaka wa 1992 mutu aliyekuwa mukubwa wa hesabu za Lotus alihukumiwa miaka mitatu ya kifungo, na muamuzi akasema wazi kwamba kama Chapman angekuwa muzima, angepata miaka kumi hivi ao kupita.

Ile ndogo yenye ilibaki

Lotus Seven yenyewe ilikwisha kumutoka mikononi. Mwaka wa 1973 Uingereza ilibadilisha kodi zake, na kufunga mwenyewe hakukuokoa tena pesa kama zamani. Chapman alitaka kuuzisha motokari kubwa za bei kali, akaacha Seven. Kampuni ndogo ya Caterham, yenye ilikuwa inaiuzisha, ikanunua haki ya kuitengeneza. Walichagua shasi iliyotiwa nguvu zaidi, wakaendelea. Zaidi ya Seven 2.000 zilitoka ku Lotus. Za Caterham zimepita hesabu hiyo mbali.

Leo mutu anaweza kupokea masanduku ya Seven nyumbani kwake, na kazi ni ileile: shasi ya bomba, aliminyo, motere, buloni. Lakini mbele ya kuipeleka barabarani, serikali ya Uingereza inaipima moja moja. Mupimaji anaangalia freni, volani, mikanda na mahali yote penye mutu anaweza kuumia. Hata motokari ikiwa nzuri namna gani, pyesi moja ikikosa nguvu, inarudi ku garaji. Mwenyewe anakamata tena funguo zake, anatafuta kosa liko wapi, anaongeza chuma penye kinaombwa. Kilo kidogo zinaongezeka, na motokari ingali nyepesi.